Mgeni wa Mlango wa Uani

Jana alasiri nilikuwa barazani nikichagua mchele, mjukuu wa jirani akaniletea chai. Mama yake, kwa ukarimu wake, alikuwa amekijaza kikombe mpaka ukingoni. Mtoto akapiga hatua tatu, mkono ukamcheza, chai ikamwagika yote, nusu sakafuni na nusu kwenye ungo wangu. Sijafungua mdomo, mama mtu katoka ndani na kandambili mkononi. "Bibi, nisamehe, mtoto huyu ana pepo la kumwaga!"

Nikamwambia, "Mwanangu, weka kandambili chini. Na wewe mjukuu wangu, njoo hapa uninyooshee mikono."

Nilichokiona nitawaambia mwishoni, msiwe na pupa. Pupa ndiyo ninayotaka kuisema leo.

Nimevaa sare nyeupe ya uuguzi kwa miaka 36, vijijini na mjini hapa Tanga, mpaka magoti yakaanza kulia kama bawaba za mlango. Nimeona dawa zikija na kuondoka, nimeona madaktari wakija wembamba na kuondoka na vitambi. Lakini upuuzi mmoja haujazeeka hata siku moja: kuupa ugonjwa jina kabla ya kuutazama. Tunafanya hivyo sote, mimi nikiwamo, na sina hasira na mtu. Hasira ni kuni, na kuni zangu zimebaki chache, naziweka kwa ajili ya kupikia.

Sikilizeni basi. Kuna maradhi yanayopiga hodi mlango wa mbele. Mtu kavunjika mguu, mguu umepinda, hata mtoto anaona. Na kuna maradhi yanayoingia kwa mlango wa uani, yakapitia jikoni, yakakaa chumbani mwezi mzima, na wenye nyumba barazani wanaulizana nani kala mchuzi. Ya aina hii ya pili, bingwa wao ni yale ambayo kinga ya mwili yenyewe inageuka. Kinga ni askari uliyemwajiri alinde nyumba dhidi ya vijidudu. Siku moja, kwa sababu ambazo nyingine ziko kwenye damu ya ukoo na nyingine hazijulikani, askari yule anamshika mwenye nyumba, anasema wewe ndiye mwizi. Wahenga walikwisha sema, kikulacho ki nguoni mwako.

Ukoo huo wa maradhi tunaujua kwa sura moja tu: baridi yabisi. Vidole vinavimba, asubuhi vinakaza, bibi hawezi kufunga kanga mpaka jua lipande. Hiyo ndiyo sura ya mlango wa mbele. Lakini askari yule ana funguo za vyumba vyote. Anaweza kuanzia kwenye nywele, kwenye macho, kwenye figo, kwenye mji wa mimba, hata kwenye tabia ya mtu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na sisi tuliozoea wali mweupe tukiletewa vitumbua tunasema huu si mchele.

Nianze na chai.

Miaka mingi iliyopita, kijijini, aliletwa binti wa miaka kama 10. Mwalimu alikuwa amemchapa kwa sababu mwandiko wake, uliokuwa mzuri, umekuwa kama nyayo za kuku. Mama alimchapa kwa sababu anamwaga uji na kuvunja vikombe. Wenzake walimcheka kwa sababu anakunja uso kama anayewakejeli. Mtoto mwenyewe analia bila sababu, anacheka bila sababu. Akilala, anatulia kabisa. Akiamka, mikono inaanza ngoma yake. Basi hapo jina lilikuwa tayari: pepo. Wakamwita mganga, ngoma ikapigwa, mbuzi akachinjwa, kombe likanywewa. Na baada ya miezi kadhaa mtoto akapona!

Msicheke. Alipona kweli. Ugonjwa ule, alioueleza tabibu Mwingereza Thomas Sydenham mwaka 1686, kwa kawaida hutulia wenyewe baada ya wiki au miezi. Mganga alilipwa kwa kazi iliyofanywa na kalenda.

Tatizo ni kile kilichobaki nyuma. Kiini cha yote kilikuwa koo. Kuna bakteria wanaoshambulia koo la mtoto. Kinga inainuka kuwapiga, na katika watoto wachache, wiki mbili tatu baadaye, inachanganya sura ya adui na sura ya mwenye nyumba, ikaanza kupiga magoti, vifundo vya miguu, ubongo, moyo. Ile ya magoti inajulikana: leo goti la kulia, kesho kiwiko cha kushoto, mzazi anasema mtoto anakua. Lakini ile ya ubongo inaweza kuja hata miezi sita baada ya koo, wakati koo limeshasahaulika na magoti hayakuuma hata siku moja. Nani atakumbuka homa ya mwezi wa Ramadhani katika mwezi wa Mfungo Tano? Na koo lenyewe tulilitibu vipi? Wengine tulimpeleka mtoto akakatwe kimeo.

Yule binti nilikutana naye tena. Sikumtambua, yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa mjamzito wa miezi saba, hawezi kulala chali, anakohoa usiku, makohozi yana damu. Huko alikotoka alitibiwa pumu, kisha wakamwanzishia dawa za kifua kikuu. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo wake ulikuwa na vali iliyokunjamana tangu utotoni, mlango uliobaki na upenyo wa sindano. Damu ilijaa nyuma yake kama foleni ya sokoni siku ya kuamkia Idi. Alipona kwa shida, yeye na mtoto wake, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Lakini fikirini: sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, kwa miaka kumi au zaidi, ingeulinda moyo ule usizidi kuharibika. Dawa hiyo ipo tangu miaka ya 1950. Mwezi Mei mwaka 2018 wakubwa wa afya wa dunia nzima walikaa Geneva wakapitisha azimio juu ya ugonjwa huu. Niliposikia nilifurahi, kisha nikawaza vile vikombe vilivyovunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo fundi wake ni ghali.

La pili ni la shoga yangu, na hili nalisema polepole maana bado linaniuma.

Alikuwa mrembo, mpishi wa pilau asiye na mpinzani. Akaolewa. Mimba ya kwanza ikaharibika, watu wakasema Mungu atamjalia. Ya pili ikaharibika, wakasema chango. Ya tatu ikaharibika katika mwezi wa tano, wakasema wifi yake kamfunga. Akanywa kila mzizi uliochimbwa kutoka Lushoto mpaka Pangani. Kisha kliniki moja wakampima damu, jibu likarudi: kaswende. Mumewe akapimwa, hana. Hapo hapakuhitajika mganga tena. Mahakama ilikaa ukumbini, mashahidi mama mkwe na mawifi, hukumu ikatoka kabla chai haijapoa. Alirudishwa kwao na sanduku moja na sufuria zake.

Wanangu, hakuwa na kaswende. Kile kipimo cha kwanza cha kaswende hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Kinatafuta askari wa damu wanaoandama aina fulani ya mafuta, na kuna watu ambao kinga yao imegeuka ikatengeneza askari wa namna hiyo bila kaswende yoyote. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili cha kuhakikisha. Na askari hao hao ndio wanaoigandisha damu pasipotakiwa: mguuni, kichwani, na kwenye kondo la nyuma, hata mtoto akakosa chakula tumboni akafa. Daktari Graham Hughes wa London aliueleza ugonjwa huu waziwazi mwaka 1983. Yaani kile kipimo kilichomfukuza nyumbani kilikuwa kinatuonyesha kwa kidole kwa nini mimba zake zinaharibika. Tulisoma jibu sawasawa, tukaelewa kinyume.

Aliolewa tena, na mgane mwenye subira. Safari hii alikutana na daktari aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mama, mguu wako umewahi kuvimba mmoja peke yake?" Umewahi. Akapewa aspirini ya kipimo kidogo na sindano za heparini mimba nzima, wala hazikuwa rahisi kupatikana. Mtoto akazaliwa. Kwenye akika nani nilimkuta mkekani anakula pilau? Mume wa kwanza. Alikuja, akala, akaomba radhi mdomo ukiwa umejaa. Alisamehewa. Binadamu tumeumbwa hivyo. Lakini ile miaka tisa iliyopotea haikuwemo kwenye sahani ile.

Huyu mwingine niliyemjua vizuri alikuwa mwanamke wa makamo ambaye alifiwa na mama yake akakaa msibani siku tatu macho makavu. Hakudondosha chozi. Wanawake wakaangaliana chini ya mitandio: moyo gani huu? Kuna waliokwenda mbali zaidi, wakasema anajua mama yake alikufaje. Yeye alikuwa anasugua macho, anasema yana mchanga, na anakunywa maji kila tonge, maana ugali ulikuwa unamganda kooni kama ugoro. Meno yalikuwa yamemuoza mengi kwa muda mfupi. Daktari wa macho Mswidi, Henrik Sjögren, aliandika juu ya wanawake wa aina hii mwaka 1933: kinga imeshambulia tezi za machozi na za mate mpaka zimekauka. Yule mama alikuwa analia kuliko wote pale msibani. Hakuwa na maji ya kulilia.

Na yule binti wa chuo? Mashavu yalimbadilika rangi, meusi zaidi, kama amepaka masizi ya sufuria, na akikaa juani yanazidi. Jina: mkorogo. Nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, homa kila baada ya wiki mbili, vidonda mdomoni visivyouma. Jina likabadilika: ana umeme, yaani Ukimwi. Akapimwa mara tatu, hana. Watu wakasema vipimo vinadanganya. Katikati ya hayo alimeza dozi za malaria mpaka akapoteza hesabu, na za taifodi, na za mkojo. Asubuhi uso umevimba, wakasema ananenepa, afadhali. Mkojo ukawa na povu kama la Omo, hakumwambia mtu. Nani anasimulia mkojo wake?

Ilikuwa lupasi. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu, na katika kila wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, wengi katika umri wa kuzaa. William Osler, tabibu Mkanada, tangu mwaka 1895 alikuwa ameanza kuandika kwamba maradhi ya ngozi ya aina hii yanaweza kushambulia viungo vya ndani, na kwamba yanarudi rudi. Vitabu vya wazungu vilituonyesha shavu jekundu lenye umbo la kipepeo. Kwenye ngozi zetu kipepeo huyo mara nyingi si mwekundu. Ni mweusi au wa zambarau, na usipomtafuta hutamwona.

Hapa kuna kichekesho ambacho mimi peke yangu nilikicheka. Dawa mojawapo kuu ya lupasi ni ndugu wa dawa ya malaria. Askari waliopewa mepakrini dhidi ya malaria katika Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yao waliona vipele na maumivu ya viungo vinapungua. Na mwaka 1951 daktari Mwingereza Francis Page akachapisha habari za wagonjwa wa lupasi waliopata nafuu kwa dawa hiyo. Leo hutumika haidroksiklorokwini. Mnaikumbuka klorokwini, iliyotuwasha mpaka tukajikuna kwa gunzi? Nchini mwetu iliachwa kwa malaria mwaka 2001, maana vijidudu vilishaizoea. Binti yule alipopewa huyo dada wa klorokwini, shangazi akaruka: "Si niliwaambia ni malaria!" Nikamwacha. Mtu mzima akishinda, mwache ashinde.

Sasa msije mkadhani nawasema wengine tu. Kosa langu hili hapa. Aliletwa msichana mchovu, akiinua mkono kuchana nywele unamfia, akisimama anaona giza. Nikampima presha mkono wa kushoto: hakuna kitu. Nikatafuta mapigo kwenye kifundo: hakuna. Nikaitukana mashine. Nikaibadilisha, nikaitukana na ya pili. Kisha nikaandika namba niliyoibuni kichwani, maana foleni ilikuwa mpaka nje, na jua limesimama utosini, na nina watoto nyumbani wananingoja nipike. Jioni yake daktari kijana akamshika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, akanyamaza, akampima mkono wa kulia: presha iko juu. Kuna ugonjwa wa mishipa mikubwa ya damu unaokamata zaidi wasichana, umepewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho Mjapani aliyeandika juu yake mwaka 1908. Mshipa unavimba kuta mpaka njia inaziba, na mapigo yanapotea. Mapigo yalikuwa yamepotea kweli. Mwili ulikuwa unasema ukweli, na mimi nikaupatia karatasi ya uongo. Daktari yule hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo mnanielewa ninaposema sina hasira. Foleni ni ndefu, nauli ni ghali, na jina la haraka linatupa usingizi. Ugonjwa usio na jina ni kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Tunautafutia jina lolote, hata la aibu, ilimradi tujue tumpikie nini.

Lakini tazameni jinsi tunavyoununua uponyaji. Mwenye maradhi haya hupeleka jicho kwa daktari wa macho, jino kwa daktari wa meno, kipele kwa muuza krimu, goti kwa mkandaji, mimba kwa mkunga, ndoto kwa shehe. Kila mmoja ameuziwa kipande: huyu kichwa, yule mkia. Samaki mzima hajamwona mtu. Na hatuwezi kuwalaumu wote hao, maana tuliomkata vipande ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni machache, wala hayagharimu hata fungu la mchicha. Chukua daftari la mtoto wa shule. Andika homa ilianza lini, iliisha lini, na kiungo gani kiliuma. Andika nywele, vidonda vya mdomo, povu la mkojo, mimba zilizoharibika, mguu uliovimba peke yake, mkono usiopata presha. Andika hata unayoona hayahusiani. Kuhusianisha ni kazi ya daktari, kazi yako ni kutoficha. Mficha uchi hazai. Ukitibiwa malaria mara ya tatu na kipimo cha malaria hakioni kitu, uliza kwa adabu: "Daktari, na kama si malaria?" Swali hilo halijamvunjia mtu heshima. Mtoto akiumwa koo na ana homa, mpeleke akatazamwe, kimeo chake mwachie. Akipangiwa sindano ya kila mwezi, usiikatishe kwa kuwa anacheza mpira; anacheza mpira kwa kuwa anachomwa sindano. Na ukipewa prednisoloni ya kumtuliza askari yule ukapata nafuu, usiitupe ghafla kama kifuu kilichokwisha nazi. Mwili ukiizoea, huachwa kidogo kidogo, kama unavyoipua chungu cha moto, na kwa kauli ya aliyekupa.

Maradhi haya mengi hayaondoki kabisa, hilo nisiwafiche. Lakini yanafugika. Mbwa mwitu anaweza kulazwa uani akalala miaka mingi, mwenye nyumba akasoma, akaolewa, akazaa, akazeeka akawa mbishi kama mimi. Kinachoua ni ile miaka ya mwanzo tunayoipoteza tukibishana barazani juu ya jina lake.

Sasa turudi kwa mjukuu wa jirani. Nilimwambia anyooshe mikono: imetulia. Atoe ulimi nje, autulize: ukatulia, mwekundu kwa peremende. Anibane vidole kwa nguvu bila kulegeza: akanibana mpaka nikaomba radhi, wala mkono wake haukukaza na kuachia kama anayekamua ng'ombe. Nikamuuliza kama koo limemuuma miezi ya karibuni, kama magoti yamemsumbua. Hapana. Nikampa kalamu, akaandika jina lake vizuri kuliko ninavyoandika langu.

Mtoto hana kitu. Ni mzembe tu, kama babu yake, ambaye kwenye harusi yangu alimwaga sinia zima la biriani.

Mama yake akashusha pumzi, nadhani kwa faraja, na kidogo kwa masikitiko. Akaokota kandambili. "Kwa hiyo, Bibi, nimpige?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kesho usimjazie kikombe mpaka ukingoni."